Mtaa Uliokataa Samaki

Dada Shorbani alitoa amri yake huku akikata vitunguu, kwa hiyo hatukujua kama machozi yale ni ya hasira au ya vitunguu.

"Baba, ukiuza karakana, hakuna harusi. Jumatatu naenda na Debdulal kwa msajili, tunatia saini, tunakunywa chai, tumemaliza."

Karakana ya Baba iko kando ya stesheni ya Katwa, huku kwetu Bengal. Anatengeneza pampu za maji. Ndiyo iliyomsomesha Dada hadi chuo, na mimi hadi mwisho wa sekondari, nilipoona nimeitesa vya kutosha. Mnunuzi alikuwa keshapatikana, na sababu ilikuwa karatasi moja pale mezani: kampuni ya karamu ilitaka rupia mia saba kwa kila mgeni, na wageni walikuwa mia tatu. Vijana wa kugawa chakula, wenye glovu nyeupe, bei yao mbali.

"Glovu?" Mama akauliza. "Wanakuja kugawa wali au kupasua mtu?"

"Punguza wageni basi, Baba," Dada akasema.

"Nimpunguze nani? Haya, taja wewe. Phoni? Haradhon? Yule shangazi yako Lokkhi aliyekuogesha ulipozaliwa?"

Dada akarudi kwenye kitunguu chake. Ugumu ulikuwa hapo. Zamani, kabla ya kampuni na glovu, chakula cha harusi mtaani kwetu kiligawiwa na wanaume wa mtaa wenyewe, gamchha, kile kitambaa chekundu cha kujifutia, imefungwa kiunoni, ndoo mkono huu, upawa mkono ule. Baba alikuwa mmoja wao tangu hajaota ndevu. Hakuna binti wa mtaa ule aliyeolewa bila Baba kumwagia mtu mchuzi wa dengu kwenye jani la mgomba la kulia. Leo zamu imefika kwa binti yake mwenyewe, awaambie watu hao waende wapi?

"Nipeni wiki tatu," nikasema.

Wakanitazama kama mbwa aliyeomba kuendesha gari.

"Laltu mdogo wangu," Dada akasema taratibu, "wewe hata yai hujawahi kulichemsha likaiva."

"Ndiyo maana sitapika. Nitaomba."

Na niliomba, jamani. Sina aibu, na nyumbani kwetu hicho ndicho kipaji pekee kilichokuwa hakijatumika. Kila nyumba niliomba sari moja ya kutundika. Nikapata arobaini na tatu, tukazishona pamoja zikawa paa la uani, na siku ile kila mwanamke aliyeingia aliangalia juu kwanza kutafuta ya kwake. Taa nilizitoa kwenye kilabu cha vijana, zile za sikukuu ya mungu wa kike Kali. Lango tulilisimamisha kwa vigogo vya migomba. Mabata maji ya kupamba lango niliyachonga mwenyewe kwa lile povu jeupe linalokuja na televisheni. Shangazi Lokkhi alinisifu sana. "Kuku wazuri," alisema, "ila mbona wamevunjika shingo?"

Wasichana walitunga maua ya manjano kwenye nyuzi na kuchora sakafu kwa unga wa mchele ulioloweshwa. Majani ya kulia chakula tulikata nyuma ya nyumba. Vya kulipia vilibaki viwili tu: mpishi Bishu, na samaki. Samaki Baba alikwenda kuwachagua mwenyewe alfajiri, rui wakubwa wanene, wakakatwa vipande mia sita na arobaini: viwili kwa kila mgeni, na akiba kidogo.

Wagawaji sasa. Nilimwendea Ba'mkubwa Haradhon, mlinzi mstaafu wa treni, umri miaka sitini na minane, ambaye zamani ndiye aliyekuwa nahodha wa ndoo.

"Ba'mkubwa, magoti yako yanalia kama mlango."

"Magoti hayagawi wali, wewe mtoto. Toka nipite."

Baada ya siku mbili alikuwa amekusanya wenzake wanane. Ukijumlisha miaka yao ilikuwa karibu karne sita. Walifanya mazoezi uani kwa ndoo za maji, wakigombana nani atangulie na chumvi. Mimi nilitoa agizo moja tu.

"Samaki vipande viwili kila mtu, wazee wangu. Viwili."

Haradhon akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Tunalisha wageni au wagonjwa?"

"Viwili, Ba'mkubwa."

"Haya, haya."

Ningejua. Mzee wa mtaa wetu akisema haya mara mbili, ujue amekataa.

Siku ya harusi, saa njema ya kufunga ndoa iliangukia magharibi. Baba alikuwa hajala tangu alfajiri, maana anayemtoa binti hufunga mpaka amtoe, na alikuwa amekaa mbele ya moto wa ibada na kuhani, hageuki. Mimi nililinda mlango wa stoo ya vyakula. Mkao wa kwanza ulipokaa, watu themanini, nikasikia sauti za wazee wangu zikipanda.

"Jani tupu kama kichwa cha mwanasiasa! Mwongeze huyu!"

"Basi, basi, nimeshiba!"

"Umeshiba nini, moshi? Mwongeze!"

Kwa wazee wale, mgeni akiinuka bila kuomba huruma, mtaa mzima umeaibika. Na walikuwa wameingoja siku hiyo miaka ishirini. Mimi nilikuwa nacheka. Mkao wa pili nilikuwa bado nacheka. Kisha Bishu akafunua sufuria kubwa.

"Laltu. Njoo uchungulie."

Nilichungulia. Tukahesabu kwa upawa: vipande mia moja na ishirini na viwili.

Mikao miwili ilikuwa bado. Kwanza watu themanini wa mtaa, halafu msafara wa bwana harusi, watu sitini, wanaokula baada ya ndoa. Msafara ukikosa samaki, hadithi ile ingemfuata Dada jikoni kwa mama mkwe wake mpaka azeeke. Na Baba angeamini hadi kufa kwamba karakana yake ilipona kwa kumwaibisha bintiye. Aliyemshawishi ni mimi.

Nilimvuta Haradhon nyuma ya stoo nikamwambia. Alifuta uso kwa gamchha, polepole, mara mbili.

"Ni sisi," akasema. "Wazee wapumbavu sisi."

"Tufanyeje, Ba'mkubwa? Tuwatangazie?"

"Utangaze mbele ya nani?" Akanionyesha kwa kidevu. Wajomba wa bwana harusi walikuwa wakipitapita kati ya meza, mikono nyuma, kama wakaguzi wa shule. "Jaza ndoo mchuzi. Weka vipande vitano juu. Chukua wali unifuate, na hilo domo lako lipumzike leo."

Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kukaa. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Ba'mkubwa Phoni, mtu ambaye kwenye harusi moja ya zamani alikula vipande thelathini na viwili, halafu akauliza kama kuna samaki. Alikuwa amekunja mikono ya shati tayari. Jani lake lilikuwa na wali, dengu na mabiringanya ya kukaanga, na pembeni ameacha nafasi safi, pana, ya kusubiri.

"Samaki, Phoni?" Haradhon akauliza kwa sauti kubwa.

Lakini upawa haukuinuka. Ulibaki umezama ndani ya ndoo. Mimi sikuelewa kitu. Phoni alielewa, maana alibeba ndoo miaka mingi pamoja na Haradhon na Baba, na mgawaji anayeuliza huku upawa umelala anaomba kitu kingine. Aliutazama upawa. Akamtazama Haradhon machoni. Kisha akageuka kule kwenye moto, ambako mgongo wa Baba ulionekana kupitia moshi.

Akaweka viganja vyote viwili juu ya jani lake.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Gesi."

Mbengali akikataa samaki harusini, mwite daktari. Mkewe, aliyekaa karibu naye, alimkazia macho, akaona mikono, naye akafunika jani lake. "Mimi daktari amenikataza."

"Mimi nina nadhiri ya Alhamisi," akasema wa tatu.

"Leo Ijumaa," jirani yake akamnong'oneza.

"Basi ya Ijumaa!"

Ikaenda hivyo mstari mzima. Presha. Mzio. Jino. Shangazi Lokkhi alidai samaki humpa ndoto mbaya. Mjukuu wake akaanza kupiga kelele, "Bibi, mimi nataka samaki!" na Bibi akamsindilia rosogolla nzima, ile tamutamu ya mviringo, mdomoni, kelele zikaisha. Nilikuwa nyuma nikigawa wali, naona jani baada ya jani linafunikwa na mikono ya watu walewale waliotuazima sari, na wali ukawa unaniangukia nje ya majani kwa sababu moshi wa ule moto ulikuwa umeniingia machoni. Semeni mtakavyo. Ulikuwa moshi.

Mjomba mmoja wa bwana harusi alinishika bega.

"Kijana, mtaa wenu mzima hauli samaki?"

"Wanakula, mjomba. Leo wanajizuia tu. Wakianza hawaachi, na nyie mngekosa."

Akacheka sana, akidhani ni utani.

Msafara ukakaa. Vipande viwili kila mtu, na mjomba yule cha tatu, na cha nne, Haradhon mwenyewe akimsihi. Alipoinuka alicheua kwa heshima, akamwambia Mama kwamba samaki kama yule hajamla tangu harusi yake mwenyewe. Dada, amekaa na Debdulal chini ya sari za mtaa, aliniita kwa kidole. "Yai limeiva," akaniambia sikioni. Kwa Dada yangu, hiyo ni hotuba.

Mwisho tukakaa sisi, wagawaji na watu wa nyumbani. Baba alikuja, mikono bado ya njano kwa manjano ya ibada, akaketi katikati ya wazee. Mama alikuwa amekwisha kumweleza habari ya samaki. Aliyatazama majani yetu, wali na dengu tu, akafungua mdomo.

"Nimai, usianze," Haradhon akamkatiza Baba. "Chakula kinapoa."

Bishu alikuwa anakwangua sufuria. Chini kabisa kwenye mchuzi akakuta kichwa kimoja cha rui, kikubwa kama ngumi mbili, akaja akakiweka kwenye jani la Baba. Baba akakihamishia kwa Haradhon. Haradhon akakisukuma kwa mwenzake, huyo kwa mwingine, kichwa kikasafiri mstari mzima kama barua isiyo na anwani, kila mzee akiapa kwamba ameshiba. Kikasimama mbele ya Phoni, ambaye alikuwa amerudi eti kusaidia kuosha ndoo.

Phoni alikitazama. Akanitazama mimi.

"Gesi, Ba'mkubwa," nikamkumbusha.

"Imetoka," akasema, na akaanza na macho.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akalaza paji la uso mezani, mabega yanatikisika, na sijui ni saa ngapi kile kicheko kiligeuka kitu kingine. Nilimsikia akisema palepale chini, bila kuinua uso, "Asanteni." Midomo ilikuwa imejaa wali, na Haradhon alikuwa amenyoosha mkono na upawa, anamwongeza dengu.