Anayegonga Boneti

1.

MGONGANO UMETAMBULIWA. FAILI LIMEFUNGWA.

Ndiyo salamu aliyoipokea Sekela kutoka kwenye kamera ya gari lake kila asubuhi, hata mkanda hajafunga. Na gari lililala pale pale Tukuyu, mbele ya nyumba yake, pua yake kwenye migomba. Limegongana na nani?

2. Kutoka kijitabu cha maelezo

Gari likiegeshwa, kamera hulala. Huamshwa na mambo mawili: kitu kupita mbele yake (utambuzi wa mwendo), au gari kutikiswa (kihisi cha mgongano). Usikivu: JUU, KATI, CHINI. Video ya mgongano hufungwa, isifutwe na video mpya.

3. Sokoni

— Kuna mtu hapendi mwanamke aendeshe.

— Wachawi hao. Hawahitaji ufunguo.

— Paka tu.

Aliyesema paka alichekwa.

4.

Wewe msomaji ungeifungua video, au siyo? Sekela naye kaumbwa na udadisi. Akaifungua.

Ukungu. Majani ya mgomba. Fimbo. Mkono wenye mishipa, kisha mkono wa koti la kaki ambalo Sekela mwenyewe ndiye hulifua, na kola, na

Akaifunika skrini kwa kiganja.

Baba mkwe.

5.

Katika ukoo wa mumewe desturi haina mjadala: mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akija huku, wewe pita kule. Tangu aolewe, Sekela anamjua mzee Mwambungu kwa kikohozi chake nyumba ya nyuma, na kwa sahani tupu ambazo wifi yake, Tupokigwe, humrudishia. Heshima hiyo haijavunjwa hata siku moja. Sasa uso wa mzee umo kwenye kadi ya kamera, ndogo kama ukucha.

6.

Kusikia hakujakatazwa. Akiwa bado amefunika skrini, aliongeza sauti.

Ko. Ko.

“Toka humo, wewe. Mwanangu anakwenda kazini.”

Kisha paka, akilalamika.

Tukuyu ina baridi, na paka anajua injini iliyozimwa jioni ina joto. Ukiwasha bila kumtoa, humkuti mzima. Lakini kilichomshika Sekela si paka. Mzee hakusema mke wa mwanangu. Alisema mwanangu. Sekela alilia, na hakuona haya.

7.

KADI IMEJAA.

Fundi Gwakisa alimcheka kidogo. Kila kofi la boneti linafunga faili, alisema, na hiyo migomba inaiamsha kamera usiku kucha. Akatia kadi mpya, akashusha kihisi hadi CHINI, akauzima utambuzi wa mwendo. Kadi ya zamani alitaka kuifuta. Sekela akaipokonya, akaitia kwenye pochi.

8.

Jumatatu. Hakuna tukio.

Jumanne. Hakuna tukio.

Jumatano. Hakuna

Ni kihisi tu, alijiambia. Si ndivyo kilivyotegeshwa? Mumewe alikuwa Kyela akinunua mpunga. Tupokigwe alikuwa ameondoka jana kwenda msibani, akimwachia mzee chakula cha kupasha.

Kikohozi je, alikisikia lini mara ya mwisho?

9.

Alhamisi alitia ufunguo, asiuzungushe. Akashuka. Akagonga boneti kama alivyosikia ikigongwa.

Ko. Ko.

Paka akatoka.

10.

Kama paka alikuwamo, hakuna aliyegonga.

11.

Alikimbia mpaka nyumba ya nyuma, na pale pembeni miguu ikakataa yenyewe, kwa mazoea. Akageuka, akaegemeza mgongo ukutani, macho kwenye migomba. Akagonga ukuta.

Ko. Ko.

“Baba, ni mimi,” alisema, kwa sauti ambayo mzee hajawahi kuelekezewa. “Mwanao.”

12.

Usikivu:

JUU.

13.

Ndani kulitikisika kitu. Au ni majani ya mgomba.

Sekela hakungoja kujua. Alishika kitasa cha mlango, akausukuma, na safari hii hakufunika macho.