Kibarua Hana Mwajiri

Yosefina alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye tope la jaruba msimamizi alipomwita. Akapanda juu ya tuta, Digna mgongoni ndani ya khanga. Mtoto alikuwa ameshatimiza miaka mitatu, na miguu yake ilikuwa inamgonga mama yake mapajani kila alipopiga hatua.

"Leo iwe mwisho kuja na huyo," alisema Melkiori. "Watoto hawaruhusiwi tena shambani. Mwaka jana yule mtoto wa watu alikufa kwenye mfereji, unakumbuka."

Alikumbuka. Ni yeye na wanawake wengine wawili waliomtoa. Mama wa yule mtoto alisimama ukingoni, kitita cha miche ya mpunga bado kiko mkononi, hadi mtu akamnyang'anya.

"Ni amri nzuri, kaka. Sasa nimwache wapi?"

"Kuna kituo cha kulelea watoto pale nyuma ya soko. Wanacheza, wanapewa uji, wanalala. Wenzio wanapeleka."

Wenzake hao walikuwa walimu na manesi. Ada ya kituo kwa siku ilikula zaidi ya nusu ya ujira wa siku nzima ya kupandikiza. Baba yake Digna alikwenda machimboni Chunya kabla mtoto hajaota meno, na simu yake haipatikani tangu hapo. Mama mzazi wa Yosefina alikuwa kaburini, Mlimba.

Kesho yake hakwenda shambani. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, maana alisikia kuna msaada wa ada kwa wazazi wanaofanya kazi. Ulikuwepo kweli. Afisa, mwanamke aliyeitwa Jenifer, alimpokea vizuri, akampa Digna biskuti, akamsomea fomu yote taratibu.

"Bado barua ya mwajiri tu, mama. Ithibitishe kwamba unafanya kazi."

Yosefina alimtazama, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Kucha zilikuwa zimeliwa na maji ya majaruba.

"Hii haitoshi, madamu?"

Jenifer alicheka kidogo, bila ubaya. "Mfumo haupokei mikono."

Shambani, Melkiori hakucheka. "Barua? Nikuandikie barua, kesho mje mnadai likizo? Wewe ni kibarua, Yosefina. Kibarua hana mwajiri."

"Miaka minne napanda hapa."

"Kila siku unakuja upya."

Alirudi ofisini mara mbili. Mara ya kwanza Jenifer alikuwa kwenye semina ya ulinzi wa mtoto. Mara ya pili alimwambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba bila barua hana la kufanya.

Jumatatu iliyofuata Yosefina alimwekea Digna uji kwenye bakuli lenye mfuniko, kopo la haja, na mdoli wa gunzi aliyemfunga kitambaa. Akachuchumaa mbele yake.

"Usilie, mwanangu. Ukilia watu watajua uko peke yako. Mama anarudi."

"Anarudi saa ngapi?"

"Anarudi."

Akafunga kufuli kwa nje. Alimdanganya jirani yake, Kabula, Msukuma aliyekuwa anauza maziwa, kwamba mtoto yuko kwa dada yake. Jioni ya kwanza alimkuta Digna amekaa kitandani vilevile, uji haujaguswa, macho mlangoni. Jioni ya tano alikuta bakuli tupu, na hiyo ikamuuma zaidi. Mtoto alikuwa amezoea.

Siku ya kumi na moja mvua ya masika ilianza asubuhi na haikupumzika. Saa sita maji yalikuwa yamefunika matuta. Yosefina aliomba ruhusa.

"Ukiondoka sasa, siku yako haiandikwi," alisema Melkiori. "Malizeni huu upande."

Alimaliza mstari mmoja. Katikati ya mstari wa pili alitupa miche, akakimbia.

Mlango aliukuta umevunjwa, maji yamejaa chumbani. Kabula alikuwa chumbani kwake, chumba cha pili, amekaa juu ya meza, Digna mapajani amefunikwa koti la mwanamume. Midomo ya mtoto ilikuwa myeupe.

"Nilivunja nikuokolee unga," Kabula alisema. "Unga, Mama Digna. Sikujua kama ndani kuna mtu. Amesimama juu ya kitanda, maji yamemfika hapa, amekumbatia ukuta. Kimya! Mtoto gani asiyelia?"

Digna alimwona mama yake. "Sikulia," alisema.

Mwenyekiti wa mtaa alipeleka taarifa jioni ileile. Asubuhi, saa mbili kamili, gari la ofisi lilikuwa mlangoni. Jenifer alishuka akiwa na askari wa kike na fomu nyingine, fupi.

"Hii haihitaji barua?" aliuliza Yosefina.

"Hii ni ya dharura. Mtoto yuko hatarini." Jenifer alikuwa haangalii juu. "Shukuru hujafunguliwa kesi. Anakwenda makao ya watoto, upande wa Morogoro. Atakula, atavaa, atakuwa na mlezi."

"Nani anawalipa huko?"

"Kuna fedha zake. Kila mwezi kwa kila mtoto. Hilo lisikusumbue."

"Kila mwezi." Yosefina alilirudia neno hilo polepole. "Hizo hela si mngelipia pale nyuma ya soko? Angekuwa anarudi jioni."

"Hilo ni fungu lingine, mama."

Askari alimpokea mtoto mikononi. Digna hakulia. Aligeuza shingo tu, akamtazama mama yake mpaka mlango wa gari ukafungwa.

Kumrudisha kulihitaji ukaguzi wa chumba na uthibitisho wa kipato. Uthibitisho ulikuwa barua ya mwajiri. Yosefina aliendelea kupanda, akapalilia, akavuna, na Melkiori akamsifu mbele ya wenzake kwamba siku hizi hachelewi. Ruhusa ya kumtembelea ilitoka baada ya miezi tisa.

Siku aliyokwenda makaoni, wageni walikuwa wengi, wengine na kamera. Watoto walipangwa mstari uwanjani, wamevaa sare za kijani.

"Shikamooni wageni!" walisalimia pamoja kwa wimbo.

Digna alikuwa wa tatu. Alikuwa amenenepa. Nywele zimenyolewa, viatu viko miguuni, vya kufunga kwa kamba. Yosefina alipiga magoti kwenye changarawe, akafungua mikono, akaita jina lake.

Mtoto alimtazama kwa adabu. Kisha akageuka kumwangalia mlezi.

"Digna," alisema mlezi, "mpe mgeni kiti."

Digna alitoka mstarini, akaburuta kiti cha plastiki kwa mikono miwili, akakifuta vumbi kwa pindo la sare yake. Akakisogeza karibu na mwanamke aliyepiga magoti. Halafu akasimama pembeni, mikono nyuma, akisubiri kuambiwa asante.