Koleo Moja la Samadi

Nafuga alpaka, wale ndugu wadogo wa ngamia wenye sufu, na alpaka wa kigeni haingii kwenye zizi langu. Jike akiletwa kupandishwa, anashushwa kwenye kiuga cha nje ya lango, mwenyewe anachovya buti kwenye beseni la dawa, dume wangu Hank anamaliza kazi yake, nao wanarudi kwao palepale. Majirani zangu hapa Ohio wananicheka. Wacheke tu. Mwaka juzi nilimlaza jike wa watu usiku mmoja, akaniachia ugonjwa, na majike wangu karibu wote wakaharibu mimba.

Jumamosi kaka yangu Orville alikuja kutoka Indiana, trelani kampakia jike wake, Tulip. Tulip alikuwa kipenzi cha mkewe Maribel, wifi yangu, tuliyemzika majira ya baridi yaliyopita. Amezeeka, daktari wa mifugo alisema asiposhika mimba vuli hii, basi tena. Orville alitaka mtoto mmoja tu wa Tulip abaki pale nyumbani, na mimi nilimtakia hivyo kwa roho yangu yote.

Nilichungulia trelani. Tulip, ambaye safarini hajisaidii hata umbembeleze, alikuwa ameacha chungu ya vidonge vya mavi.

"Leo umemfanyaje?"

"Akili, dada!" Orville alijigonga kipaji. "Alibana mpaka nikamhurumia. Nikasimama kwa jamaa mmoja njiani anayefuga alpaka, nikamwomba koleo moja la samadi, nikaimwaga humu. Kunusa tu, huyo, kaachilia!"

Ujanja huo kila mfugaji anaujua: alpaka hujisaidia pale anaponusa kuwa wenzake wamejisaidia. Ila samadi hiyo unatoka nayo kwako.

"Orville, una wazimu?"

"Si mavi tu, Verna!"

"Mavi ya nani? Wamepimwa lini hao? Geuza trela."

"Nimetoka alfajiri mimi!"

"Geuza!"

Utani ukamwisha. "Nikingoja vipimo, baridi itanikuta. Mimba yao ni karibu mwaka mzima; mtoto wa kuzaliwa kwenye baridi, Tulip na uzee ule atamlea vipi? Dada, huyu ni Tulip wa Maribel."

"Najua ni wa nani. Na wale kule wenye matumbo ni wangu."

Nilijichukia nilipolisema. Hank naye alikuwa ameshamnusa mgeni, anaguguma uzioni ule wimbo wao wa uchumba. Trelani Tulip akakunja magoti, akalala chini, tayari. Nilitamani kuwachapa wote watatu.

Nikaenda nikamvisha Hank hatamu, nikamleta langoni, nikampa Orville kamba.

"Mchukue."

"Hank? Verna, Hank wako huyu?"

"Mpakie kabla sijaghairi. Kaa naye. Huku kwangu harudi."

Alinitazama kama aliyepigwa kofi. Akampakia. Hank nimemlea kwa chupa. Hakugeuka hata kunitazama, mshenzi yule.

Walifika konani tu, trela likasimama. Orville akaruka chini, akachungulia nyuma, akapiga ukelele:

"Verna! Wameshaanza!"

Nikacheka mpaka nikashika lango. Ule wimbo wa Hank ulisikika mpaka kwangu. Orville akavua kofia, akakaa ukingoni mwa barabara, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilitaka kukimbia nikamkumbatie kaka yangu, lakini buti zake zilikuwa zimekanyaga ile samadi. Nikakaa chini upande wangu wa lango, nikalia naye kutoka hukohuko.