Meno ya Gia

Mashine ilinguruma, maji yakachemka nyuma yetu, na boti haikusogea. Nilirudisha mkono wa gia katikati, nikausukuma tena mbele. Ka-ka-ka-ka, ikasikika chini ya maji. Boti ikaruka kidogo kama punda aliyechapwa, kisha gia ikachomoka, tukabaki tunaelea. Wanawake niliokuwa nawapeleka mashambani ng'ambo wakakumbatia magunia yao ya mbegu. Mto Kilombero ulikuwa unatusukuma taratibu kwenye matete, na kwenye matete yale viboko walikuwa wameshatoa masikio.

"Mama Violeth," akasema jirani yangu Rosemery, "hii mashine imeamua kumfuata mwenyewe?"

Tulijiokoa kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, na jioni ile hakuna aliyeniaga vizuri.

Mwenyewe alikuwa Adolf, mume wangu, tuliyemzika mwanzoni mwa masika. Aliniachia watoto, boti na mashine ile kuukuu. Mafuriko yakifunika njia za mashambani, watu huvuka kwa boti, na nyumba yetu hula. Nisipovusha, hatuli. Na ile ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza tangu matanga.

Siku ya mazishi, Polikarpo aliiba mashine. Naam, mchana kweupe, padri akitazama. Alikuwa mtani wetu, utani wa koo tuliourithi kwa mababu, na mtani msibani ana ruhusa ya kutenda yale ambayo mwingine angepigwa mawe kwayo. Alilala kaburini kabla ya jeneza kufika, akidai Adolf amempangisha. Alivaa kofia ya marehemu, akaigiza alivyokuwa akikoroma. Nilicheka huku nalia, nikamshukuru Mungu kwa kutupa watani. Ndipo akaibeba mashine begani, akatangaza kwamba haitarudi mpaka tumkomboe. Ikalala kwake hadi tulipoanua tanga. Tukampelekea jogoo, akairudisha akiimba, watu wakasema sasa msiba umepoa.

Kwa hiyo gia ilipogoma, mtu wa kwanza kumwita alikuwa yeye. Mashine yake na yetu ni za aina moja. Yeye na Adolf walizinunua siku moja, na vipuri vya aina hiyo haviletwi tena dukani. Yake ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa siku nyingi. Gia ya mbele ilikuwa ikichomoka, akawa anaufunga ule mkono kwa mpira wa baiskeli ili usirudi. Nani angeujua ugonjwa huo kuliko aliyeishi nao?

Alikuja, akaniita mke wangu, nikamwita fisi mzee, tukaanza kazi. Akasema ni pini ya pangaboi. Nikaichomoa: nzima. Akasema basi ni fimbo ya gia, imelegea. Tukaifuata toka kwenye mkono hadi inapozama chini, tukakaza nati, tukapaka grisi. Tukajaribu mtoni. Ka-ka-ka-ka.

"Tufungue gia boksi," nikasema.

"Huko usiguse, Agnetha. Ukiifungua mashine ya zamani hivi, hairudi. Wape wa vyuma chakavu. Abiria wako nitakuvushia mimi."

Alisema hivyo amenishika bega kwa huruma, na huruma yenyewe niliiamini.

Lakini miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nikimshikia Adolf spana. Polikarpo alipoondoka nilimwaga oili kwenye sufuria. Ikatoka safi, kama ya jana. Adolf, Mungu amrehemu, alikuwa bahili. Hakuwahi kubadilisha oili kabla masika hayajaisha. Vichwa vya bolti vilikuwa na mikwaruzo mipya. Nikafungua. Ndani mna kipande cha chuma chenye meno, kinachoteleza kati ya gia ya mbele na ya nyuma ili kuikamata mojawapo. Meno yake huwa na kona kali. Haya yalikuwa yamelika yakawa mviringo kama sabuni iliyobaki kipande, na mashine yetu ilikuwa nzima hadi siku Adolf alipolazwa.

Nikakumbuka kwamba tangu msiba sijauona ule mpira wa baiskeli kwenye boti ya Polikarpo. Siku moja nilikuwa hata nimemsifia boti yake ilivyokuwa ikiondoka vizuri.

Nilikaa kwenye pumba za mpunga, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Kifo hakikunidanganya. Huyu aliniibia nikiwa sijafuta machozi, akakifanya kicheko changu blanketi la kujifunikia.

Nikakipeleka chuma kile kwa wazee wa ukoo, na mkubwa wao alikuwa Eustaki, kaka yake Adolf. Polikarpo akaitwa, akaja anacheka.

"Si niliirudisha? Mlikomboa mashine. Meno hamkuyakomboa."

Wazee wakaangua kicheko. Eustaki akacheka mpaka akajifuta macho. "Shemeji," akasema, "mtani hashitakiwi. Ngoja afiwe, nawe ukamwibie."

Nilimtazama yule shemeji, damu moja na mume wangu, nikajua sina wa kunisemea.

Asubuhi yake nikashuka kivukoni. Boti ya Polikarpo ilikuwa imejaa abiria wangu na magunia yao, Rosemery akiwa mbele kabisa. Polikarpo aliponiona akatanua mikono.

"Mke wangu! Umekuja kuniua?"

Wote wakanigeukia, midomo tayari kucheka. Nilikuwa nayo matusi, tena ya kutosha kuzamisha boti. Nikavua kandambili, nikapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, kaka Polikarpo."

Hakuna aliyecheka. Mtani hutukanwa, heshima namna ile ni ya mtu baki. Rosemery akainamisha kichwa. Polikarpo akashika kamba ya kuwashia, akaiachia.

"Agnetha," akasema kwa sauti ndogo, "nitukane basi."

"Safari njema, kaka."

Aliwasha. Gia ikaingia mara moja, laini, wakaondoka. Msimu ule nilivusha kwa pondo wachache waliokubali kwenda polepole, na watoto walikula walichokula.

Miaka imepita. Kila tukikutana, sokoni au mlangoni mwa kanisa, humwamkia kwa adabu zote. Mpaka leo hajaweza kuitikia marahaba.