Kiunzi Kutoka Mtoni

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha juu ya mji wetu wa Srirampur, na ndani ya ukumbi wa ibada wa nyumba yetu mwanga uligeuka kijani, kana kwamba tulikuwa chini ya maji. Nilikuwa natengeneza filamu yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na ilihusu kiunzi.

Kila mwaka sanamu ya mungu wetu wa kike, Mama Durga, hufinyangwa juu ya kiunzi kilekile cha mbao. Sikukuu ikiisha tunamzamisha katika mto Ganga. Udongo unayeyuka, majani makavu yanachukuliwa na mkondo, na asubuhi wanaume wanakivuta kiunzi na kukirudisha nyumbani. Bibi yangu Hemnalini hukiwashia taa kila jioni hadi siku ya kupakwa udongo mpya. Bila kiunzi chetu, husema, Mama hataijua njia ya kuja kwetu.

Siku ya udongo ilikuwa imefika. Kuhani akiandaa maua na Bibi akitafuna tambuu mkekani, mimi niliketi kwenye ngazi nikitazama picha za mwaka jana katika kioo cha kamera. Kiunzi kilikuwa na kona iliyoungua. Nikainua macho. Kona ya kiunzi kilichosimama mbele yangu ilikuwa nzima, na ubavuni palikuwa na pete ya chuma ambayo sikuwahi kuiona.

Nikamvuta kando baba mdogo, Nirupam, aliyesimamia kazi ya mtoni.

"Baba mdogo, hiki si chetu."

"Acha utani." Akakitazama, rangi ikamtoka. "Asubuhi ile viunzi vya nyumba zote vilijazana ukingoni kama mamba, vyote matope matupu. Ningejuaje?" Akanishika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Bibi yako akijua amewashia taa kiunzi cha watu miezi yote hii, ataifuta sikukuu. Unamjua."

Namjua. Chuoni nililipenda sana swali hili: kitu kikibadilika chote, kinabaki nini? Sasa swali lilikuwa limekaa juu ya mkeka, likitafuna tambuu.

"Mnanong'ona nini hapo kama mawifi?" Bibi akauliza. "Nirupam, umevunja nini tena?"

"Sijavunja kitu, Mama."

"Basi umepoteza."

Sikuweza kumwacha apake udongo juu ya uongo wetu. Nikamwambia.

Bibi aliinuka taratibu, akapapasa mbao zile, akaifikia pete, akainusa.

"Na chetu?"

"Kiko nyumba nyingine, nadhani."

"Wanakiwashia taa?"

"Nadhani, Bibi."

"Nadhani, nadhani! Filamu gani hii ya nadhani?" Mkono wake ulikuwa bado juu ya ubao. "Mama yangu aliniita Shefali. Nilipoolewa hapa, baba mkwe akasema, Shefali tunaye tayari, huyu awe Hemnalini. Mwaka mzima nilikuwa siitiki. Wakiita, nageuka kumtafuta huyo Hemnalini ni nani, mbona mvivu hivyo!" Akacheka hadi tambuu ikamponyoka.

"Shefali alikwenda wapi, Bibi?"

"Sijui. Alfajiri nyingine namsikia akichota maji kisimani. Hajawahi kunisumbua."

Baba mdogo alikuwa analia waziwazi. "Mama, nisamehe. Nitakwenda sasa hivi kukitafuta."

"Utakwenda kesho, tena bila kudai. Waambie wenyewe kona ile iliungua zamani, wasiogope, si kasoro. Wakitaka chao watasema."

Kuhani akakohoa. Saa njema ya kupaka udongo ilikuwa inapita. "Tuendelee, Mama, au tuache?"

Bibi akachota udongo wa Ganga kwenye kiganja. Akaukaribia ubao ule mgeni, akauinamia kama unavyomwinamia mtoto aliyelala, akanong'ona neno moja, kisha akaupaka udongo. Shangazi zangu wakapiga vigelegele.

"Umekiambia nini, Bibi?"

"Nimekipa jina."

"Jina gani?"

"We mtoto," akasema, akijifuta mkono kwenye sari yake, "kwani hiyo kamera yako lazima ijue kila kitu?"