Fomu ya Januari

Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tano, saa nne kasorobo asubuhi, Mama Ufagio alianguka kutoka kwenye ngazi akifuta madirisha ya kanisa. Saa sita akakata roho. Mumewe, fundi viatu, aliitwa akiwa ameshika sindano. Mpaka leo hajui aliitupa wapi.

Wiki tatu baadaye, katibu wa kanisa alifika kibandani kwake pamoja na mzee wa kanisa. Wakabanana kwenye benchi la wateja.

"Pole tena, shemeji," katibu alisema. "Tuna karatasi ndogo tu."

Fundi alifuta gundi vidoleni. Husoma polepole, kama anayepapasa tundu kwenye ngozi nene. Karatasi ilisema mkewe alikuwa mtu wa kujitolea, si mwajiriwa. Likimpata lolote, kanisa halihusiki. Chini, nafasi ya sahihi ya mume.

"Tarehe utaweka ya Januari," alisema mzee wa kanisa, macho kwenye rundo la soli.

"Januari?"

"Wote walitakiwa kujaza Januari. Tulichelewa kuchapisha."

"Mtu nimemzika mwezi wa tano, mzee."

"Ndiyo maana unamjazia wewe."

Fundi aliiweka karatasi juu ya rundo la soli. Miaka kumi na miwili mkewe alidamka kupiga deki, kufua vitambaa vya madhabahu, kupanga viti mia mbili. Wakubwa hawa walikuta viti vimepangwa, wakavikalia.

"Wakaguzi wanakuja Jumatatu," katibu alibembeleza. "Na mama alijitolea kwa moyo. Nani alimlazimisha?"

Fundi alitungua mkoba wa marehemu ukutani, akatoa karatasi yenye muhuri wa kanisa, akaikunjua juu ya goti la katibu.

"Sahihi yako hii. Mwezi wa tatu alilala na homa siku mbili, mkamwandikia barua ya onyo, eti hakufika kazini. Siku ile ya ngazi alikuwa na kizunguzungu. Nikamwambia lala, mke wangu. Akasema, wataniandikia ya pili."

Katibu aliitazama sahihi yake kama ya mtu mwingine. Mzee wa kanisa aliinama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa.

"Nyinyi mmesoma," fundi alisema. "Hebu nielezeni mimi wa darasa la nne. Mtu anayejitolea anapewaje barua ya onyo?"