Wenye Afya Thelathini na Tisa

...na bado Bernice amekishika kisanduku, glavu zake za buluu zimeanza kuota barafu kwenye vidole, ananiuliza kwa mara ya pili, "Mzee Orest, hiki tutupe au tubakishe?", swali jepesi, friza hii inakufa na ile mpya ina rafu chache, tangu asubuhi nimejibu tupa, tupa, bakisha, tupa, miaka thelathini na moja ya damu za watu inaingia kwenye mfuko wa manjano na mimi sijakohoa, lakini juu ya hiki imeandikwa WENYE AFYA, 2009, mwandiko wangu, na kichupa cha saba ni Lesia, mke wangu... kila maabara inawahitaji wenye afya, huwezi kujua damu ya mgonjwa ina nini usipoilinganisha na ya asiyeumwa, na asiyeumwa aliye karibu ni mke wako, ni mume wa Bernice, ni mlinzi wa mlangoni, njoo utoe damu kidogo upewe kahawa na donati, Lesia alikuja hata koti la baridi hakulivua, alitoa mkono mmoja tu, akamwambia Bernice, "Huyu bwana anaijua damu yangu, siku yangu ya kuzaliwa haijui," wakacheka, mimi nikawa nahesabu vichupa... "Mlango wa friza uko wazi, mzee, itaanza kupiga kelele hii," na kweli imeanza, mlio mwembamba, wa kuudhi, mwaka ule nilikuwa nikitafuta zile kingamwili zinazokosea adui, zinazoshambulia pale neva inapokutana na msuli, hadi kope inashuka, kutafuna kunachosha, mwisho misuli ya kupumua nayo inachoka, wagonjwa walikuwa nazo, wenye afya hawakuwa nazo, isipokuwa namba saba, nikapima tena, ikawa juu tena, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemwita mwenye namba atoe damu nyingine, na mwenye namba alikuwa akilala ubavuni kwangu, sikumwita, niliandika kichupa kimechafuka, nikamkata kwa mstari ulionyooka, nilitumia rula, kwa nini, kwa sababu alikuwa kwenye safu ya wenye afya na wa safu hiyo haumwi, makala ikatoka na watu thelathini na tisa, hakuna aliyeuliza wa arobaini yuko wapi... miaka mitano baadaye, kope ya kushoto, yuko jikoni anakunja vareniki, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, nikamwambia umechoka, lala mapema, mimi, niliyealikwa miji kumi na mmoja kuzungumzia kope, akasema, "Profesa wa misuli, hebu nishikie mwiko, mkono umegoma," nikaushika mwiko, nikaendelea kusoma, ikapita miezi minane kabla sijampima, panya wangu wa maabara wamepona mara nne, yeye alikufa Februari ya mwaka juzi, kwenye mashine ya kupumulia, na madaktari wanaosoma makala yangu bado wanaamini asiye na dalili hana kitu, bado wanasubiri kope ishuke... "Namba saba iko humu," anasema Bernice, taratibu, haniangalii, "si damu yake niliitoa mimi mwenyewe? Ndiyo maana nakuuliza mara mbili, vingine ukisema tupa natupa tu," na humo kimebaki robo ya mililita, inatosha kipimo kimoja, basi, hakuna tena, tuliyemzika alikuwa na uzito wa kilo arobaini na moja, huyu wa humu ana miaka hamsini na moja na amekuja na koti, kikibaki kimefungwa huenda kweli kilichafuka, huo ndio mto ninaolalia kila usiku, kikifunguliwa na kipimo kikasoma juu kwa mara ya tatu, basi nilikuwa na miaka mitano mkononi nikaikata kwa rula, na nitasimama wapi, nitamwambia nani... Lesia angeniambia pima, bwana, kwani nilikuja nimevaa koti kwenye joto lenu lile la maabara kwa ajili ya donati?, friza inalia, barafu imefika kwenye kifundo cha mkono wa Bernice, "Mzee?" anasema, kisanduku kiko palepale, ila si tupa wala si bakisha, ni yeyusha, pima, kisha barua kwa jarida lililochapa makala, sentensi ya kwanza ninayo tayari: walikuwa arobaini.